Diwani wa Akiba na Bwawa la Tverrvåg

Simu ya baraza la mji ilimkuta Ragnfrid Tveiten kwenye mzunguko wa barabara pekee uliopo Tverrvåg, mguu wake ukiwa juu ya breki ya mwalimu. Mwanafunzi wake, mjane wa makamo aliyeamua kujifunza gari baada ya kumzika mumewe, alikuwa amelizunguka duara lile mpaka likawatia kizunguzungu wote wawili, kwa sababu kila akifika pa kutokea roho ilimruka. Ragnfrid akamwambia asimame pembeni, akapokea.

Aliyepiga alikuwa Gunnvor, katibu wa baraza. Maneno yake yalitoka mbiombio. Oddvar Myhre, daktari wa meno na diwani, alikuwa amekwama kusini kwa ukungu, ndege hazipai, na wa akiba wote wa chama chake waliotangulia kwenye orodha ama wanaumwa ama wamehama mji. Kikao kinaanza saa nne kamili. Zamu ni yake.

"Zamu yangu ya nini?" aliuliza Ragnfrid.

"Wewe ni diwani wa akiba, Ragnfrid. Ulisahau?"

Alikuwa amesahau, na hakuona haya kusema hivyo. Kabla ya uchaguzi uliopita Arvid Løkke, mwenye duka la rangi na kiongozi wa kundi la chama chao barazani, alikuja kwenye gereji yao akalia kwamba safu ya wagombea haijajaa. Alihitaji jina tu. Hutafanya chochote, alimwahidi. Ragnfrid akatia saini akiwa amesimama, kofia kichwani, huku mumewe Kåre akimcheka kutoka chini ya gari.

Sasa akamrudisha mjane kwake, akajipangusa viatu kwa kitambaa cha kufutia kioo, akaendesha hadi jengo la baraza.

Ni vizuri kumjua mtu huyu kidogo kabla hajaingia ukumbini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Alizaliwa kisiwani, nje kabisa ambako upepo huondoka na nguo kwenye kamba, akaja mjini alipoolewa na Kåre. Alianza kufundisha udereva wakati ambapo wanaume wa Tverrvåg waliona kufundishwa gari na mwanamke ni kama kunyolewa ndevu barabarani. Wakazoea. Baada ya miaka mingi ilikuwa vigumu kupata mtu mjini ambaye hajawahi kuambiwa na Ragnfrid atazame kioo.

Jambo moja lilimpata alipokuwa na miaka arobaini. Mwanafunzi wake, binti aitwaye Eldbjørg, alikuwa akigeuza gari gatini asubuhi ya barafu, magurudumu yakateleza, gari likaenda taratibu, taratibu, likadumbukia baharini. Ragnfrid alikuwa mtoto wa kisiwani, lakini hakujua kuogelea. Watu wa kwao waliona bahari ni mahali pa kazi, si pa kuingia. Eldbjørg alifungua dirisha, akamshika mwalimu wake ukosi wa koti, akamvuta hadi kwenye ngazi ya gati. Binti alikuwa amejifunzia kuogelea kwenye bwawa la mji, kama watoto wote wa Tverrvåg. Wiki iliyofuata Ragnfrid akaenda kwenye bwawa lile lile, akavaa maboya ya watoto mikononi, akajifunza pamoja na wanawake wengine mbele ya Bergljot Aune, mwalimu wa shule ambaye hakumcheka mtu.

Na shauri kubwa la siku hiyo lilikuwa bwawa hilo.

Jengo lake lilikuwa mahali pazuri mno, ukingoni mwa maji, machweo yote yanaingia madirishani. Kampuni moja ya hoteli ililitaka. Meya, Steinar Hauknes, mtu wa kifua kipana na kicheko kinachosikika mtaa wa pili, alitaka liuzwe, na alikuwa amejihesabia kura zake. Kundi la Arvid lilikuwa upande wake. Upande wa pili alikuwapo Bergljot, sasa mstaafu mwenye nywele nyeupe na diwani mkali, akiongoza wale waliosema bwawa halitoki.

Arvid alimdaka Ragnfrid kwenye vyumba vya makoti kabla hata hajavua lake. Alimshika kiwiko, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kundi limekwisha kuamua: wanakubali kuuza. Yeye anyooshe mkono Arvid atakaponyoosha, basi, halafu kuna supu ya samaki mchana. Ragnfrid akatikisa kichwa kwa namna ambayo mtu angeweza kuichukulia ni ndiyo, akatundika koti, akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wananchi walijibana kwenye viti vya nyuma, wengine wamesimama ukutani na nywele mbichi kwa sababu walitoka bwawani moja kwa moja. Madiwani kumi na wanane walikuwa wameketi. Nafasi ya kumi na tisa ilikuwa tupu, mwenyewe amevunjika mguu na hakupatikana wa kumshikia.

Meya hajamaliza kuwakaribisha watu, Bergljot akaomba neno. Akasema jambo ambalo mji mzima ulilijua ila hakuna aliyelisema kwa kipaza sauti: mwenye kampuni ya hoteli ni shemeji wa meya, na naibu meya yumo katika bodi ya kampuni hiyo. Watu wenye mgongano wa maslahi namna hiyo, alisema, hawawezi kukaa mezani shauri hili linapojadiliwa, sembuse kuliongoza.

Meya alicheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Hata watu wake walikuwa wakitazama makaratasi yao, maana mwandishi wa gazeti alikuwa amekaa mstari wa mbele na kalamu imesimama. Kura zikapigwa, meya na naibu wake wakaambiwa watoke kwa muda. Wa akiba wao, walioitwa mapema wasubiri mlangoni endapo lingetokea hilo, wakaingia, na Steinar Hauknes akaenda kuketi katikati ya wananchi, mikono kifuani, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Hapo ndipo mambo yalipopamba moto, kwa sababu sasa baraza halikuwa na mwenyekiti.

Gunnvor alieleza kwamba lazima wamchague wa muda. Upande wa meya ukamtaja Arvid. Upande wa bwawa ukamtaja Bergljot. Kura zikapigwa, wengine wakaacha karatasi tupu, hakuna aliyepata wingi. Zikarudiwa, zikatoka vilevile. Minong'ono ikazidi. Kila upande uliona upande wa pili ukishika kinyundo basi mchezo umekwisha, kwa kuwa mwenyekiti ndiye mwenye kutoa nafasi ya kusema, ndiye mwenye kusimamisha kikao, na kura zikilingana upande wake ndio unaoshinda.

Ndipo Ingebrigt Solhaug, mfugaji wa kondoo kutoka bondeni, akainua mkono. Alikuwa mtu wa meya, lakini aligombana na Arvid zamani kuhusu uzio na hajamsamehe. Kwake yalikuwa majira ya kondoo kuzaa, hakuwa amelala vizuri, na koti lake lilinuka zizi.

"Mwekeni Ragnfrid," alisema. "Ana sauti. Mimi nina kondoo wanaozaa, jamani, hatuwezi kukaa hapa kuchagua mpaka kiyama."

Ukumbi ukacheka. Ragnfrid naye alicheka, akidhani ni mzaha. Halafu akaona Arvid ameacha kucheka na anafikiri, na Bergljot naye anafikiri. Arvid aliona mtu wa kundi lake, mgeni, asiyejua kitu, ataendeshwa tu. Bergljot aliona mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuelea kwa mgongo. Kila mmoja akakubali kwa sababu zake, na kabla Ragnfrid hajapata la kusema alikuwa amechaguliwa bila kupingwa.

Alitembea hadi kiti cha juu. Kinyundo cha mbao kilikuwa mezani, kidogo kuliko alivyodhani. Alikigonga kwa nguvu ya mtu anayegonga msumari, bilauri ya maji ikaruka, watu wa mstari wa mbele wakashtuka. Akaomba radhi. Gunnvor, aliyekaa kando yake, akamnong'oneza kwamba anapaswa kwanza kulitangaza shauri, ndipo agonge. Basi akatangaza kwamba shauri la bwawa limefunguliwa, akagonga tena, safari hii polepole.

Na kumbe alipenda. Hilo alilieleza mwenyewe baadaye, bila kujificha: kwamba hofu ilidumu kama muda wa kutia gari gia, halafu ikageuka kitu kingine. Aliona watu wote kutoka pale juu kama mtu anavyoona njia panda kutoka kwenye basi. Aliona nani anataka kusema kabla hajainua mkono. Aliona nani anamkatiza nani. Diwani mmoja alipoanza kupayuka juu ya mwenzake, Ragnfrid alimwambia asubiri zamu, na yule mtu akanyamaza papo hapo kwa sauti ile iliyowahi kumwambia ashushe mwendo.

Bergljot alizungumza juu ya watoto, na juu ya bahari iliyo kila upande wa mji ule. Arvid alizungumza juu ya paa linalovuja, na juu ya wageni watakaojaa hotelini, na hakuzungumza vibaya; alikuwa na hoja. Mama mmoja wa upande wa bwawa alilia. Mzee mmoja wa upande wa meya aliuliza kama machozi yataziba paa. Wananchi wakazomea, Ragnfrid akawanyamazisha nao pia.

Arvid alipopita karibu na kiti chake kwenda kujaza kahawa, aliinama.

"Usisahau tulivyokubaliana," alimwambia.

"Sisi tulikubaliana lini? Mimi nilikuwa natundika koti."

Arvid akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona kwamba hajui kura ya mtu wake mwenyewe iko wapi. Kahawa akaiacha. Akaenda moja kwa moja hadi kwa meya pale nyuma, wakasemezana masikioni, meya akatoa simu. Muda si mrefu habari ikarudi ikipita kutoka meza hadi meza: ukungu umepasuka kusini, ndege imepaa, Oddvar yuko njiani.

Arvid akaomba kikao kisimame kidogo ili kundi lake lishauriane. Ragnfrid hakuona ubaya. Akawapa muda, akagonga.

Alipotoka hakufika mbali. Meya alimkuta ukumbi wa nje, harufu ya supu ya samaki ikipanda kutoka jikoni, na alikuwa mpole kama mtu anayembembeleza farasi. Alimsifu jinsi alivyokiongoza kikao. Alimuuliza habari za Kåre. Kisha akamweleza kwamba Oddvar anaingia sasa hivi, na kiti ni cha Oddvar.

"Wewe umemshikia tu, Ragnfrid. Umefanya vizuri. Mwachie mwenyewe, nenda kanywe supu ikiwa ya moto. Hili si gari, hakuna mtu atakayekufa."

Pengine angesema yote hayo bila maneno ya mwisho, Ragnfrid angekwenda kunywa supu. Mpaka hapo hakuwa ameamua lolote. Hoja ya paa ilikuwa imemwingia, na hakupenda kugombana na watu wa chama chake katika mji ambamo utakutana nao kesho dukani. Lakini aliposikia kwamba hakuna atakayekufa alihisi tena ukosi wa koti unamkaba shingoni na maji ya gatini yanamwingia puani. Alirudi ukumbini akaketi kitini, akakishika kinyundo, akasubiri watu waingie.

Oddvar Myhre alifika akikokota sanduku la magurudumu lililokuwa likipiga kelele sakafuni kama treni. Pua ilikuwa nyekundu kwa jua la kusini. Akaenda mpaka kwenye nafasi yake mezani, iliyokuwa wazi kwa kuwa Ragnfrid yuko juu, akaketi, akawasalimu jirani zake. Arvid akasimama hapohapo.

"Utaratibu, mwenyekiti! Diwani mwenyewe amefika. Wa akiba anatoka. Na asiye diwani hawezi kuwa mwenyekiti."

Hapakutosha. Upande wa bwawa ulisimama wote, upande wa meya ukapiga meza, wananchi wakaanza kupiga kelele za aibu, aibu. Mwandishi wa gazeti aliandika bila kutazama karatasi. Ragnfrid aligonga, akagonga, mpaka wakanyamaza, kisha akafanya jambo ambalo wenyeviti wengi huliogopa: alisema hajui. Akamgeukia Gunnvor mbele ya watu wote, akamwomba asome kanuni zinasemaje.

Gunnvor akafungua kanuni za baraza, akasoma kwa sauti. Diwani wa akiba aliyekwisha kukaa anabaki mpaka shauri linaloendelea limalizike. Mwenye nafasi anaingia kwenye shauri linalofuata.

Upande wa bwawa ulipiga makofi. Arvid alikuwa bado amesimama, na alikuwa mwepesi. Alisema shauri halikuwa likiendelea, kikao kilisimamishwa. Lilikatika. Sasa linaanza upya, na linaanza na Oddvar.

Gunnvor aliinua macho kutoka kwenye kitabu, uso wake ukisema kwamba hilo halimo. Kila mtu akamtazama Ragnfrid.

"Arvid," alisema, "nilipokufundisha, ulisimama kwenye taa nyekundu mara nyingi tu. Safari ilikuwa imekwisha?"

Vicheko vililipuka kutoka nyuma kabisa hadi kwenye meza ya madiwani. Hata Oddvar alicheka, akaziba mdomo.

"Shauri nilifungua mimi, na sijalifunga," Ragnfrid aliendelea. "Nimeamua kwamba linaendelea. Oddvar, nisamehe, kakae kule nyuma kidogo."

Oddvar akainuka na sanduku lake, kama mtu aliyefurahi, akaenda kuketi kando ya meya, ambaye hakumsogezea kiti.

Hapo Arvid alitoa turufu nyingine. Aliomba shauri liahirishwe hadi wiki ijayo. Hilo lilikuwa halali kabisa, na lazima lipigiwe kura kwanza. Likiahirishwa, Ragnfrid anarudi kwenye gari lake na Oddvar anakaa. Bila yeye, upande wa meya ulikuwa na kura tisa, na upande wa bwawa nane. Ragnfrid alihesabu haraka, akaona kwamba hata akijiongeza yeye wanakuwa sawa kwa sawa, na nyundo inaamua, na kelele zitakazofuata zitasikika mpaka visiwani.

Akauliza wanaotaka kuahirisha wainue mikono. Mikono ikainuka. Minane. Wote wakageuka kumtafuta wa tisa.

Ingebrigt Solhaug alikuwa ameiweka mikono yake mezani.

"Wiki ijayo sirudi mimi," alisema. "Nimewaambia nina kondoo. Nataka kuuza hilo jengo, lakini nataka kuliuza leo."

Hoja ya kuahirisha ikaanguka. Watu wa bwawa hawakushangilia. Walimtazama Arvid, aliyekuwa anakusanya makaratasi yake. Akavaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, akasema kwa heshima kwamba kundi lake halitashiriki katika kikao kinachoendeshwa namna hii, na akaelekea mlangoni. Mmoja baada ya mwingine upande wa meya ukasimama.

Gunnvor akamwandikia Ragnfrid neno moja kwenye karatasi: akidi. Wakitoka wote tisa, wanabaki tisa, na tisa si nusu ya kumi na tisa. Kikao kinakufa.

Ingebrigt naye alikuwa amechukua kofia yake.

"Ingebrigt, unakwenda wapi?" aliuliza Ragnfrid.

"Si kila mtu anatoka? Nakwenda kwa kondoo."

Angeweza kumsomea kanuni kwamba diwani haruhusiwi kutoka bila sababu ya haki. Gunnvor alikuwa amekwisha kumwonyesha mstari wenyewe kwa kidole. Lakini alimjua Ingebrigt. Alimfundisha, na alijua kwamba ukimpigia kelele anakanyaga mafuta badala ya breki. Akainama mbele, akasema naye kama vile wako wawili tu garini.

"Ukitoka sasa, hatujaamua kitu. Utaitwa tena wiki ijayo, na kondoo watakuwa bado wanazaa. Ukikaa, tunapiga kura sasa hivi na unakwenda nyumbani. Piga unavyotaka, mimi sikuombi kura. Nakuomba ukae."

Mfugaji alisimama na kofia mkononi. Wenzake mlangoni walimwita. Arvid alimwita kwa jina la baba yake, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu ndivyo alivyomwita siku ya ugomvi wa uzio. Ingebrigt akageuka, akamtazama Arvid kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akaketi.

"Basi pigeni upesi," alisema.

Ragnfrid hakungoja. Akatangaza kwamba akidi ipo, mjadala umefungwa, na kura inapigwa sasa. Wale waliokuwa mlangoni wakaelewa mara moja: wakiendelea kutoka, bwawa linabaki bila hata kusumbuliwa. Ikawa vurugu ya watu kurudi vitini, makoti yamevaliwa mkono mmoja, diwani mmoja akajikwaa kwenye sanduku la Oddvar akaangukia magoti ya meya. Wananchi walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Wanaokubali jengo la bwawa liuzwe," alisema Ragnfrid.

Mikono tisa. Ingebrigt alinyoosha wake wazi kabisa, kama alivyosema. Arvid alinyoosha wake akimtazama mwenyekiti, akisubiri. Mkono wa mwenyekiti ulikuwa mezani.

"Wanaokataa."

Minane ikainuka, na juu kabisa, kule kwenye kiti kikubwa, wa tisa. Ragnfrid alihisi mkono wake mzito kama ndoo ya maji, na wakati huohuo alihisi kicheko kinampanda kifuani, cha kitoto kabisa, na ikambidi aume ulimi. Gunnvor alihesabu, akahesabu tena. Tisa kwa tisa, alisema. Kura zikilingana, upande wa mwenyekiti ndio ulioshinda. Bwawa haliuzwi.

Kelele zilizopasuka zilisikika hadi jikoni, mpishi akatoka na mwiko. Bergljot hakushangilia. Aliketi akaziba uso kwa viganja, mabega yakimtetema. Ragnfrid aligonga kinyundo, na hakuna aliyekisikia.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Shauri lilikuwa limemalizika, kwa hiyo meya alipaswa kurudi kitini na Oddvar mahali pake. Steinar Hauknes alipanda ngazi ndogo ile polepole. Ragnfrid akamkabidhi kinyundo, akamwambia shauri linalofuata ni la taa za barabara ya shule. Meya akasema kwamba kilikuwa kikao kilichoendeshwa barabara, akasema kwa sauti ambayo wengine wangeweza kuisikia. Alikuwa mtu wa namna hiyo pia.

Supu ilikuwa imepoa. Ragnfrid aliinywa akiwa amesimama jikoni. Oddvar alimfuata kuchukua kahawa, akamwambia pembeni kwamba kusema kweli angenyoosha mkono pamoja na Arvid, na mkewe, anayeogelea kila Alhamisi, angemhamishia kwenye sofa mpaka mwaka mpya. Hakumbuki, alisema, kuifurahia ndege iliyochelewa kiasi kile.

Arvid na wenzake walipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali ya mkoa, kwamba wa akiba alishika kiti isivyo halali. Miezi ikapita, jibu likaja kwamba kiti kilishikwa kihalali na uamuzi unabaki. Paa lilitiwa viraka na watu wa kujitolea, Kåre akiwa mmoja wao, na bado linavuja pembe ya kaskazini. Mji hauna fedha za kutosha kupasha maji joto kila siku, kwa hiyo siku za baridi bwawa hufungwa. Ingebrigt hajawahi kusema kwamba alijuta. Akikutana na Ragnfrid humwambia tu idadi ya mapacha waliozaliwa mwaka huo.

Uchaguzi uliofuata, chama kilimweka Ragnfrid mwisho kabisa wa wagombea wake, chini hata ya mtu aliyekuwa amehamia mjini juzi tu, wakati wa mavuno ya viazi. Lakini wapiga kura wa Tverrvåg wanaruhusiwa kutia alama mbele ya jina wanalolipenda, na walitia. Waliotia walikuwa wanafunzi wake wa miaka thelathini, na wanawake wanaoogelea Alhamisi, na watu waliokuwa wamesimama juu ya viti siku ile. Alipanda kutoka chini hadi juu, akawapita karibu wote. Safari hii hakuwa wa akiba.

Jioni ya mkutano wa kwanza wa kundi, Arvid aliwapokea nyumbani kwake kwa kahawa na keki ya tufaha. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu siku ya taa nyekundu. Alimmiminia Ragnfrid kahawa mwenyewe, akamsogezea sukari, akazunguka maneno kwa muda, mwishowe akauliza kile alichotaka kuuliza.

"Kundi likiamua jambo, utakwenda na kundi?"

Ragnfrid alikata kipande cha keki.

"Nitakuja kwenye mikutano yote," alisema, "na nitawasikiliza mpaka mwisho. Haya, mnasemaje kuhusu taa za barabara ya shule? Maana zile hamkuzimaliza."

Arvid akavuta makaratasi. Walibishana hadi keki ikaisha.